Kadi ya Kompyuta Iliyopimwa kwenye Mizani ya Bucha

Jumamosi moja mwanzoni mwa Desemba, kwenye bucha ya Anthony hapa Ipagala, Dodoma, mwanaume aliyechomekea shati vizuri aliweka kipande cha kompyuta kwenye mizani ya nyama.

Siyo utani. Mizani ileile. Maini ya mama mmoja yalikuwa yameshuka hapo muda si mrefu.

"Nipimie hii," akasema.

Anthony akakitazama kile kitu. Kirefu kama tofali, cheusi, kina feni tatu.

"Lameck, hii ni nyama ya mnyama gani?"

"We pima bwana."

Kilo moja na robo.

Lameck akashusha pumzi kama mtu aliyepokea majibu mazuri ya hospitali. Akamgeukia jamaa aliyekuwa anasubiri nje juu ya bodaboda, akamwonyesha dole gumba.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nasubiri nusu kilo yangu ya mchanganyiko. Hiyo sehemu niliiona kwa macho yangu. Mengine yote kanisimulia mwenyewe, na mkewe akasahihisha palipohitaji kusahihishwa, yaani karibu kila mahali. Ruhusa ya kuandika kanipa kwa sharti moja: nisiweke picha yake.

Sasa twende taratibu.

Lameck ni mtoto wa Chemba. Miaka kumi alikuwa dalali wa ng'ombe minadani. Ukimwonyesha dume kwa mbali anakutajia kilo zake, na akikosea sana ni kilo tatu.

Mwezi wa saba mwaka jana akaingia forex. Biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni. Kuna rafiki yake alimwambia hii ni kama mnada tu, tofauti yake ni kwamba hakuna kinyesi.

Akaanza na simu. Simu yenyewe ilikuwa na kioo kilichopasuka kona hadi kona.

Mwezi mzima jamaa alikuwa anafuata ule ufa akidhani ni mstari wa soko.

Alipogundua, hakusema "nimekosea". Alisema, "Tatizo langu ni vifaa. Wenzangu huko mtandaoni wana skrini nne, sita, wengine nane. Mimi napigana na kidole."

Mkewe anaitwa Penina, mwalimu wa darasa la tatu. Mtu mpole, lakini upole wake una mwisho, na mwisho wenyewe huwa una tarehe.

"Baba Ruthu," akamwambia, "sebule nakupa nusu. Nakupa mpaka mwisho wa Machi. Ikishindikana, unarudi mnadani na sitaki kusikia neno forex humu ndani hata kwenye ndoto."

Wakapeana mikono kama watu wanaosaini mkataba.

Lameck akauza dume lake moja alilokuwa amelifuga kwa baba yake kule Chemba. Kompyuta akapata iliyotumika. Skrini nne akazipata ofisi moja mjini ilipokuwa inauza vifaa vyake chakavu. Zote zilikuwa na stika mgongoni za idara ambayo siku hizi haipo.

Baba yake, Mzee Yoramu, akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Yule dume amekuwa nini?"

"Amekuwa skrini nne, baba."



"Zinazaa?"

"Hapana baba, hizi ni za..."

"Basi sawa," mzee akasema, akakata.

Tatizo likaja wakati wa kuunganisha. Kompyuta ilikuwa na tundu moja tu la kutolea picha. Skrini ziko nne. Lameck akaizunguka na waya kote kote, akatafuta tundu la pili kama mtu anayetafuta jipu la ng'ombe. Hakuna.

Ndipo akaambiwa anahitaji kadi ya picha. Ni kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta, yenye matundu yake yenyewe ya kutoa picha kwenda kwenye skrini.

Akaenda mjini, duka la dada mmoja anaitwa Shamila. Duka dogo, lakini mafundi wa nusu ya mji wanamwita mwalimu.

"Karibu kaka. Nikusaidie nini?"

"Nataka kadi ya picha. Kubwa."

"Sawa. Unaifanyia kazi gani?"

"Forex."

"Skrini ngapi?"

"Nne."

"Hizo skrini zina matundu gani nyuma? HDMI au ya zamani? Na pawa saplai ya kompyuta yako, kile kiboksi cha umeme, ni ya wati ngapi?"

Lameck akaona huyu dada anamhoji kama polisi. Yeye amekuja na hela mkononi, halafu anafanyishwa mtihani. Akajibu, "Vyovyote."

Shamila akainama, akatoa kitu chini ya kaunta. Kidogo. Chembamba. Kingekaa kwenye kiganja na nafasi ikabaki. Pembeni kina vitundu vinne vimejipanga.

"Hii hapa. Inatoa skrini nne kwa raha kabisa. Haili umeme, haipigi kelele, na kompyuta yako itaibeba bila kubadilisha kitu."

Lameck akaishika kwa vidole viwili.

"Dada, hii ni kadi ya picha au ni kadi ya kliniki?"

"Kaka, forex ni mistari na vijiti vya bei wanavyoviita mishumaa. Haichoshi kuichora. Yale makadi makubwa ni ya watu wa magemu na watu wa kutengeneza video. Wewe unahitaji matundu, huhitaji misuli."

"Haina hata feni."

"Haipati joto la kuhitaji feni."

"Haina taa."

Shamila akamtazama. "Unataka ikumulike?"

Lameck akairudisha kaunta taratibu, kama anavyorudisha kamba ya ndama mgonjwa kwa mwenyewe. Akaaga. Nje akamwambia Penina kwenye simu, "Yule dada ananidharau. Kaniona mshamba, anataka kunipa kindama."

Wiki hiyohiyo akakutana na Rafa Mashine.

Jina lake halisi ni Raphael, au ndivyo alivyosema. Mtandaoni alikuwa ameweka picha ya kadi ndefu, feni tatu, inawaka nyekundu, kijani, bluu. Bei yake ilikuwa mara mbili ya ile ya Shamila, lakini ukiangalia ukubwa, unaona kabisa mtu anapewa bure.

Na Lameck, jamani, hakuwa mjinga. Nataka hili lieleweke. Alikaa akatazama video za watu wanaofundisha kukagua kadi zilizotumika. Kwenye moja, mtaalamu alisema kadi feki huwa nyepesi, kwa hiyo pima uzito.

Pima uzito! Lameck alitamani kulia kwa furaha. Hatimaye kompyuta ilikuwa inaongea lugha yake.

"Original ni zaidi ya kilo moja," akamwandikia Rafa. "Nikipima ikapungua sichukui."

Rafa akajibu, "Bosi, kapime popote unapopaamini."

Na Lameck mizani aliyoiamini Dodoma nzima ilikuwa moja tu.

Ndiyo ile Jumamosi ya bucha, na yule wa bodaboda nje ndiye Rafa mwenyewe.

Jioni yake sebuleni kazi ikaanza. Kadi ikagoma kuingia. Sanduku la kompyuta fupi, kadi ndefu. Mtu mwingine angejiuliza. Lameck akaazima msumeno wa chuma kwa jirani, akakata kile kichanja cha ndani kinachoshikilia diski, akakata na kona ya bati, na alipomaliza kompyuta ilikuwa na dirisha ambalo kiwanda hakikulipanga.

Kadi ikaingia. Nusu ndani, kichwa nje, kama mbwa kwenye dirisha la gari.

Akawasha.

Feni tatu zikazunguka. Taa zikawaka nyekundu, zikaenda kijani, zikaenda bluu. Sebule ikawa kama ukumbi wa harusi. Ruthu, binti yao wa miaka sita, akaanza kucheza.

Skrini nne: giza.

Penina akatoka jikoni akiwa na mwiko. Akatazama taa. Akatazama skrini.

"Baba Ruthu, imependeza. Lakini mbona TV haziwaki?"

"Siyo TV. Na inajipasha kwanza."

"Inajipasha mpaka lini?"

"Kitu kikubwa hakikurupuki, mama Ruthu."

Wakala ugali na mlenda chini ya zile taa. Kila kukicha skrini nne zinamtazama Lameck zikiwa nyeusi tii. Siku ya nne akaacha kuzitazama. Siku ya tano Penina akamwambia kwa sauti ndogo, ile sauti ambayo wanafunzi wake wanaiogopa kuliko fimbo, "Ichukue umpelekee yule dada."

"Yule aliyenidharau?"

"Huyohuyo."

Akaifunga kwenye khanga ya mkewe, akaenda.

Shamila hakusema "nilikwambia". Akaipokea, akaipima kidogo mkononi, uso ukabadilika. Akaitikisa karibu na sikio.

*Kong.*

"Kaka, hii uliinunuaje?"

"Nilipima. Kilo moja na robo."

"Ulipima wapi?"

Lameck akakohoa. "Kwenye mizani."

Shamila akachukua bisibisi, akafungua skrubu sita. Akanyanyua mfuniko.

Ndani kulikuwa na waya mbili zinazopeleka umeme kwenye feni na taa. Basi. Ubongo wa kadi haukuwepo. Mahali pake palilala vipande viwili vya nondo, vimekatwa vizuri, vimefungwa selotepu visigongane. Selotepu ya kimoja ilikuwa imeachia.

Hiyo ndiyo kong.

Shamila akabana midomo. Akaangalia dari. Akageuka ukutani akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Mwishowe akashindwa, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Nisamehe kaka yangu. Nisamehe. Ni milimita kumi na mbili hii, unaweza kujengea."

Simu ya Rafa Mashine, kama mlivyokwisha kujua, haikupatikana. Ukurasa wake ulikuwa umefutwa. Lameck akaandikisha taarifa polisi, akaonyesha nondo, na aliyemwandikia naye akalazimika kutoka nje kidogo kupunga upepo.

Lakini kilichomuuma siyo kicheko.

Kabla ya kwenda polisi alikaa kwenye benchi la dukani kwa Shamila, zile nondo mbili mapajani, mpaka dada wa watu akaacha kucheka, akamletea maji.

"Unajua, dada," akasema, "kule mnadani tulikuwa tunawalambisha ng'ombe chumvi. Wanashinda na kiu. Asubuhi tunawapeleka majini, wanakunywa mpaka matumbo yanagusa chini. Ndipo tunawapandisha mzani."

Shamila akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mteja anaondoka anafurahi kapata kilo. Kumbe kanunua maji." Akazigonganisha zile nondo. "Huyu kijana kanilambisha chumvi mimi."

Hela ya dume ilikuwa imekwisha. Penina angeweza kumaliza yote siku ile kwa sentensi moja, maana mkataba alikuwa nao kichwani. Lakini alimwangalia mumewe alivyokunja ile khanga mara nne ndipo akaiweka kitandani, akasema tu, "Krismasi inakuja. Watu watataka mbuzi."

Lameck akapanda gari kwenda Chemba.

Akachukua mbuzi wa watu awauze kwa kamisheni, kama zamani. Mnada umejaa, watu wa mjini wamekuja kutafuta kitoweo cha sikukuu. Mteja wa kwanza, mama mmoja mwenye kofia kubwa, akamshika mbuzi kiunoni.

"Kijana, huyu hajanyweshwa maji kweli?"

Swali hili Lameck alikuwa ameulizwa mara elfu katika maisha yake, na mara elfu alikuwa amejibu bila kupepesa macho.

"Amenyweshwa, mama," akasema. "Toa kilo mbili."

Yule mama akamkodolea macho. Mwenye mbuzi naye akamkodolea macho, tena kwa hasira.

Mama akageuka akapaza sauti kwa wenzake wanne waliokuwa wanazunguka, "Njooni huku! Kuna dalali anasema kweli!"

Kufika saa sita mchana Lameck hakubakiwa na mbuzi hata mmoja, na wenye mbuzi walikuwa wanamfuata wao. Mnada uliofuata ikawa hivyohivyo.

Tarehe thelathini Desemba akarudi kwa Shamila. Safari hii alikuwa na karatasi. Amepiga mstari, ameandika: skrini nne, zote HDMI. Pawa saplai wati mia tatu. Sanduku dogo (limekatwa).

Shamila akaisoma akatabasamu. "Sasa tunaongea."

Ile kadi ndogo ilikuwa bado ipo. Akampa na viunganishi vinne vya kutoka kwenye vitundu vyake vidogo kwenda HDMI, maana, akaeleza, kadi yenye matundu yasiyolingana na skrini zako ni sawa na hakuna. Akaja mwenyewe mpaka Ipagala kuifunga. Alipoona lile dirisha la msumeno hakuuliza. Akabandika karatasi ngumu, akaendelea.

Dakika ishirini.

Skrini ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikasitasita kidogo, ikawaka.

Hakuna kelele. Hakuna taa. Sebule nzima ilisikika kimya tu, na Lameck anavyovuta makamasi.

"Ni vumbi," akasema.

"Ndiyo kaka," Shamila akasema, "ni vumbi."

Akaamua hataki kuanza kazi kwenye mkia wa mwaka. Ataanza rasmi mwaka mpya, siku ya kwanza kabisa, kwa heshima.

Tarehe moja Januari, saa mbili asubuhi, Lameck alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe, amekaa mbele ya skrini nne. Moja ya euro, moja ya pauni, moja ya yeni, moja ya dhahabu.

Akasubiri bei zitembee.

Hazikutembea.

Saa mbili na nusu, palepale. Saa tatu, palepale. Akazima akawasha. Palepale. Akanunua bando jingine. Palepale. Akafungua sanduku, akaitoa kadi, akaifuta kwa kitambaa laini cha miwani ya Penina, akaipuliza, akairudisha.

Skrini zinawaka vizuri kabisa. Bei zimeganda kama picha ya ukutani.

Ruthu akaja na gauni jipya. "Baba, heri ya mwaka mpya!"

"Asante mwanangu, subiri kidogo, baba yuko sokoni."

Saa nne uzalendo ukamshinda. Akampigia Shamila, ambaye alikuwa kijijini Kolo kwa bibi yake.

"Dada, nisamehe kukusumbua. Kadi imekufa."

"Imekufaje? Skrini zimezima?"

"Zinawaka zote. Lakini bei hazitembei. Euro imekaa, pauni imekaa, dhahabu imekaa. Nimeitoa nimeipuliza mara tatu. Dada, niambie ukweli, humu ndani hamna nondo?"

Upande wa pili kuku akalia kwa mbali.

"Kaka Lameck. Hapo nyumbani leo mmepika nini?"

"Mama Ruthu anapika pilau."

"Kwa nini?"

"Si kwa sababu leo ni siku..."



"Siku?" Shamila akasema.

"...kuu."

"Dunia nzima, kaka. Soko limefungwa. Wenzako wamelala. Nenda kale pilau."

Kutoka jikoni kikasikika kicheko. Penina alikuwa anajua tangu saa mbili. Aliniambia aliamua asiseme, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba kumwona mumewe amekaa asubuhi nzima kwenye forex bila kupoteza hata senti.

Kesho yake soko likafunguka. Saa tatu asubuhi euro ikashtuka, ikapanda kidogo, ikashuka kidogo. Lameck akapiga kelele mpaka jirani mwenye msumeno akaruka ukuta. Skrini zote nne zinatembea! Akashangilia, akamwita Penina, akampigia Mzee Yoramu, akamrekodi Ruthu video akizionyesha.

Kununua na kuuza alisahau kabisa.

Machi imeshapita. Lameck hajawa tajiri, na msimwamini mtu yeyote atakayewaambia forex ni njia ya mkato. Anaambulia kidogo, siku nyingine hapati kitu. Siku za mnada anaenda Chemba, na wateja wanamwulizia kwa jina. Skrini moja kati ya nne Penina ameichukua kujazia matokeo ya darasa la tatu, na mkataba wa sebule ameurefusha mwenyewe mpaka Juni.

Funzo langu ni dogo tu ndugu zangu. Ukienda kununua kitu, muuzaji akianza na maswali ya unakwenda kukifanyia nini na nyumbani una nini, usinune. Kaa kwenye benchi umjibu yote.

Hata akikuuliza leo mmepika nini.